Musambi wa Kuagiza

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Ninashona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Muhumba, na safari yangu ndefu ni kwenda sokoni kununua uzi, kisha kupanda tena mlima nikiulaumu kana kwamba uliwekwa pale jana ili kunikomoa. Ziwa ninalitazama kwa dirisha. Halijawahi kunialika, nami sijawahi kulisumbua. Mke wangu anasema siku ya kiama nitaomba waje wanihukumie nyumbani.

Kwa hiyo wateja wangu wanaposikia kwamba kuna mwaka nilizunguka bonde la Ruzizi nikitafuta wanyama wa kupiga picha, wanasahau kwamba wanapimwa kiuno na kugeuka kuniangalia. Ninawajibu kwa maneno mawili: mama mkwe.

Mama mkwe wangu alizaliwa chini kule, upande wa Kamanyola, kati ya mpunga na mto. Akaolewa, akapanda huku kwenye baridi, na miaka yote akalalamika kwamba milima yetu inamfungia macho. Sasa magoti yalikuwa yamechoka, na mtoto wake wa kwanza, aliyejenga Kinshasa, alikuwa ameamua kwamba mama atahamia kwake moja kwa moja. Tiketi ilikuwa inatafutwa. Mama alikubali, ila alitaka kwenda na kitu kimoja: picha ya musambi. Musambi ni yule ndege mrefu wa kijivu mwenye taji la nyuzi za dhahabu kichwani. Zamani, kwa maelezo yake, walikuwa wakitembea mashambani kwao wawili wawili kama mtu na mkewe wametoka misa. Hakutaka picha ya internet. Alitaka aipige mwenyewe, kwa telefone yake, ndege akiwa huru, ili aitundike ukutani Kinshasa, na wajukuu wasiomjua waone alitoka wapi.

"Kule nitakuwa tu koko, bibi wa kukaa mu kiti," alimwambia mke wangu. "Bajue kwanza nilikuwaka natembea."

Dereva alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana wa taksi anayempenda mama yake kuliko anavyopenda breki. Mke wangu anaujua ule uendeshaji, akasema lazima mtu mzima awe ndani ya gari. Mtu mzima ambaye hakuna mtu angegundua kwamba hayupo kazini nilikuwa mimi.

Sasa, kwetu mukwe na mama mkwe wana heshima kati yao, na heshima hiyo ni ukuta. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamsemezani ovyo, na mukwe hathubutu kumwambia mama mkwe hapana. Waliotunga desturi hiyo walikuwa na nyumba zenye milango miwili na njia pana katikati ya migomba. Hawakufikiria gari dogo ambalo vioo vyake vya nyuma havishuki. Nilikaa mbele, shingo imekakamaa kama ya mtu anayepigwa picha ya kadi ya uchaguzi, yeye akakaa nyuma, na tukawa tunazungumza kupitia kwa dereva, ingawa kila mmoja wetu alisikia kila kitu.

"Ambia mukwe wangu aangalie kushoto," angesema mama mkwe.

"Shemeji, kushoto," angesema dereva.

"Mwambie mama nimeona."

"Maman, ameona."

"Ameona nini? Umuulize ameona nini, ju mimi naona anasinzia."

Hiyo ilikuwa kabla barabara ile haijawa ya kuulizia kila asubuhi kama inapitika. Tulikuwa tunapita Nyantende, tunapita Nyangezi, halafu tunaanza kushuka mlima wa Ngomo, kona juu ya kona, na tumbo langu lilikuwa linabaki kwenye kona ya nyuma. Wengine wanasema ukifika pale bonde lote linafunguka mbele yako na moyo unafunguka pamoja nalo. Wangu ulikuwa unafunga vizuri zaidi.

Mnyama pori wa kwanza niliyempiga picha maishani mwangu alikuwa nyani wa Ngomo. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mgongo ameupa uzuri wote ule wa bonde, akifungua couche, nepi chafu ya mtoto iliyotupwa na abiria. Aliifungua polepole, kwa adabu, kama mtu anayefungua zawadi ya harusi. Halafu akalamba. Nilifumba macho. Nyuma yangu nikasikia telefone ya mama mkwe, kacha, kacha, kacha.

"Umuulize mukwe kama amepiga ile ya ulimi."

"Shemeji, ya ulimi?"

Mukwe hasemi hapana. Nilifumbua macho nikapiga ya ulimi. Ninayo hadi leo, na telefone yangu, ambayo haina aibu, hunirudishia ile picha kila mwaka kama kumbukumbu tamu.

Chini zaidi hatukuhitaji kutafuta wanyama, tulikuwa tunaletewa. Wanaume walisimama kando ya barabara wakiwa wameshika ndezi kwa mkia, yule panya mnene wa kwenye matete ambaye watu wanampenda kwa mchuzi, na gari likipunguza mwendo walimrusharusha hewani tumwone vizuri. Mmoja alisukuma wake dirishani kwangu hadi sharubu zikafuta vumbi kwenye kioo. Alikuwa mzima, ila amevunjwa miguu ili asimsumbue mnunuzi.

"Papa, angalia, anapumua bado," mwuzaji aliniambia, kwa sauti ya kunihakikishia.

Alikuwa anapumua kweli. Niliona damu kwenye meno yake ya mbele, na harufu yake iliingia ndani ya gari ikakaa nasi kama abiria wa nne. Tangu siku hiyo nilipoteza hamu ya nyama kwa muda mrefu. Mke wangu alidhani ninabana matumizi, akanisifu mbele ya dada zake.

Na Kamanyola yenyewe, karibu na mahali wanapochinja ng'ombe, kulikuwa na wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Walitembea juu ya matumbo yaliyotupwa, mabega juu, kama wakaguzi wa shule waliokuja bila kutangazwa. Miguu yao ilikuwa myeupe kabisa. Nilitaka walau kusema neno jema kwa siku moja, nikasema kwamba hawa angalau wamevaa soksi safi. Shemeji alicheka hadi gari likayumba.

"Si soksi, shemeji. Banajinyeaka ku miguu, basikie baridi."

Nyuma mama mkwe alikohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko kwa heshima.

Zikapita safari nyingi za namna hiyo, na telefone ya mama ikajaa ndimi na matumbo, bila picha hata moja ya kutundikwa ukutani. Misambi hawakuwepo. Watu tuliowauliza mashambani walinyoosha mkono mbali, ng'ambo ya mto, kana kwamba wale ndege walichukua pasi wakavuka mpaka. Mzee mmoja alisema wengi walikamatwa wakauzwa kwa matajiri wanaowafuga bustanini. Mama mkwe alisikiliza yote, akafuta kioo cha telefone kwa kitenge, akasema turudi wiki nyingine. Kisha tiketi ikapatikana, ikabaki safari moja.

Siku hiyo shemeji alikuwa na furaha tangu asubuhi, akipiga mluzi hadi kwenye kona za Ngomo. Tulipovuka Kamanyola hakuuliza kushoto wala kulia. Aliingiza gari katika njia ya mashambani, akasimama.

"Maman," alisema, "tazama pale."

Musambi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba la mpunga. Sina maneno ya kumsifu ndege, kazi yangu ni suruali, lakini nitasema hivi: sijawahi kuona nguo iliyokaa mwilini vile. Kijivu cha shingo kilishuka bila mkunjo, bawa jeupe, shavu lenye doa jekundu, na lile taji likitetemeka katika upepo. Nilimsikia mama mkwe akishusha pumzi, pumzi ya mtu anayetua ndoo. Akafungua mlango, akapiga picha, akapiga tena, na papo hapo akazituma kwenye kundi la familia, maana kule bondeni mtandao ni mzuri kuliko huku kwetu. Nilimsikia akikosea na kurudia.

Kisha akashuka ili amkaribie. Nami nikafuata nyuma, kwa umbali unaoruhusiwa, nimebeba ndala zake. Ndege hakukimbia. Nilifurahi, mimi ambaye sijawahi kufurahia kitu chochote chenye matope, nilifurahi.

Mama mkwe alisimama ghafla.

"Mwenzake iko wapi?" aliuliza.

Mtu mmoja alitokea kwenye mahindi, amefunga vifungo vyote vya shati, akamsalimia shemeji kama mtu anayemfahamu.

"Mwenzake alikufaka, maman," alisema. "Alizunguka na kamba mpaka ikamukata. Lakini huyu iko nguvu."

Ndipo nilipoiona. Ilikuwa kamba ya chandarua kilichosokotwa, inatoka mguuni mwa ndege hadi kwenye kijiti kilichofichwa majanini. Pale ilipozunguka mguu hapakuwa na ngozi tena, palikuwa na usaha na nzi. Na bawa la upande wa pili, ambalo hatukuliona kutoka garini, lilikuwa limekatwa kwa mkasi. Kazi ya mkasi ninaijua. Ilikuwa ya haraka, na mkasi haukuwa na makali.

"Anachezaka pia," yule mtu alisema, akavuta kamba.

Ndege aliruka kwa maumivu, akafungua bawa lake moja, akaangukia ubavu, akasimama. Mtu akavuta tena, huku akimpigia makofi.

"Piga, maman, piga haraka, ataanza kuchoka."

Nilimgeukia shemeji. Alikuwa anatabasamu bado, ila tabasamu lilianza kukosa mahali pa kukaa.

"Nilimuagiza, maman," alisema. "Ni muda namutafutisha. Nilisema mama yangu hawezi enda Kinshasa mikono mitupu."

Na alisema kweli. Kwetu mzazi akitamani kitu, mtoto mwema hamwachi ahangaike kukitafuta. Anapanga, anamwona mtu anayehusika, na mzazi anafika na kukuta kitu kiko tayari, kama vile mbuzi wa sikukuu. Mama alitamani ndege huru, akaagiziwa ndege huru.

Tumbo langu, lililovumilia couche, ndezi na soksi, lilikataa hapo. Mbele ya mama mkwe hata kupiga chafya ni aibu. Nilijitupa magotini kwenye mfereji wa mpunga nikatapika chai, nikatapika mkate, nikatapika na vitu ambavyo sikukumbuka kuvila. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mkono umenishika paji la uso, na haukuwa wa shemeji. Mama mkwe alikuwa ananitazama machoni. Yake ni ya rangi ya asali, sikuwa najua.

"Tapika yote," aliniambia mimi mwenyewe. "Hata mimi ningetapika, ila niko na meno ya kununua."

Akanyooka, akamgeukia yule mtu.

"Fungua."

Mtu alimtazama shemeji, shemeji akatazama matope. Kamba ikafunguliwa. Musambi aliingia mpungani akichechemea, akasimama kwa mguu wake mzima, basi. Hakuwa na bawa la kumpeleka popote. Sote tulijua kwamba gari likigeuka atakamatwa tena kabla vumbi halijatua, na mwenye kamba alijua kuliko sisi, maana aliikunja vizuri akaitia mfukoni.

Tulianza kupanda Ngomo. Shemeji ndiye aliyeanza kusema.

"Maman, foto ziko muzuri. Kamba haionekane. Na kama inaonekana, kuko namna ya kuifuta."

Telefone ya mama ikalia: ujumbe wa sauti kutoka Kinshasa. Mama mkwe hajui kusikiliza kwa siri, kwa hiyo tukausikiliza sote.

"Maman, iko muzuri kabisa," alisema mtoto wake wa kwanza, na sauti yake ilikuwa imejaa upendo, hilo ndilo lililonichefua zaidi. "Uulize ule mutu kama anaweza kututumia moja mu avion. Nitaijengea kanyumba hapa mu parcelle, mu kiwanja yetu, pembeni ya kiti yako. Ukuwe unaiona kila asubuhi."

Gari likapita kona, likapita nyingine. Nilisikia kidole cha mama mkwe kikitafuta mahali pa kubonyeza.

"Mutoto yangu, asante," alisema kwenye telefone, taratibu, kama mtu anayeamuru barua. "Usijenge kitu. Mu parcelle yako nitatosha mimi peke yangu."

Shemeji alifungua redio, akaizima. Kisha mkono wenye telefone ukapita juu ya bega langu.

"Mukwe, nionyeshe fasi ya kufutia."

Nilimwonyesha. Zile za musambi akazifuta moja moja, na kila mara telefone ilipomuuliza kwa Kifaransa kama ana hakika, alijibu ndiyo kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Aliondoka mwezi uliofuata. Mke wangu amekwisha kwenda kumtembelea. Anasema mama anakula vizuri, magoti yanapakwa mafuta, kiti ni kile kinachoinua miguu. Nilimuuliza ukutani kuna nini. Kuna kalenda ya duka la simu, alisema, na picha ya askofu, na televisheni kubwa ambayo wajukuu humwashia kutwa nzima ili asipate upweke, inayoonyesha simba wa nchi nyingine wakila pundamilia kuanzia tumboni.