Mlima Uliokosekana Kwenye Kompyuta

Nakumbuka asubuhi niliyomkuta mama ameketi mchangani Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwanangu, kajitanda kitenge, macho kaskazini. Mama alikuwa mtu wa Matiri, mtu wa milimani. Ziwa hakulipenda hata kidogo. Miaka hiyo ya soko huria wanunuzi binafsi walikuwa wameingia kwenye kahawa, mbolea haishikiki, na kaka yangu Osmund akaona heri ateremke Nyasa kuvua usipa, dagaa wa kule. Upepo wa mwera, ule utokao kusini, ukapindua mtumbwi wao. Wenzake waliogelea. Yeye hakujua kuogelea, na mwili wake haukuonekana.

Mimi nilikuwa na kibarua kwa watafiti waliokuwa wakipima ziwa. Mkuu wetu, Mzee Komba, alikuwa na kompyuta iliyochora maji yanavyokwenda. Nilimlilia anionyeshe Osmund kapelekwa wapi.

"Binti, vina tulivyopima bado vichache," aliniambia. "Pasipopimwa kompyuta inajaza yenyewe. Humu kwenye picha sakafu ya ziwa ni laini kama sinia, na ziwani sivyo."

Nikasikia nilichotaka kusikia. Niliona mishale inaelekea kaskazini, nikakimbia kumwambia mama kwamba mwanawe atatokea kaskazini.

Ndugu walitafuta kaskazini mpaka mafuta ya boti yakaisha. Wazee wa ukoo wakashauri tuzike mgomba badala ya mwili, msiba uishe. Mama akagoma. "Nizike mgomba, na mtoto anaelea huko?" Akabaki ufukweni, hali wala halali.

Baadaye tulipima mbele ya rasi ya upande ule wa kaskazini, tukakuta mlima mzima chini ya maji. Mzee Komba akauingiza kwenye kompyuta. Safari hii mishale ilifika mlimani, ikapinda, ikaenda zake kilindini. Nikamwomba tunyamaze, mama asije akafa kwa uchungu.

Hakupandisha sauti. "Picha ya kwanza uliipeleka mbio. Hii ya pili unataka apelekewe na nani?"

Nikaenda. Nilimweleza yote, na mlima wenyewe. Mama akauliza, kwa Kimatengo, lugha ya kwao milimani, kama huko chini kuna baridi. Nikasema ipo, kali, na kwa baridi hiyo anayezama kule haelei tena.

"Basi hatarudi," akasema. "Katafuteni mgomba."

Tulimzika Matiri, shati lake limefungwa kwenye mgomba. Mpaka leo nikipita pale roho huniuma.

Mwanangu, nyinyi siku hizi mnaonyeshwa kila kitu kwenye kioo cha simu. Sikukatazi kuamini. Ila uliza kwanza chini kumepimwa au kumejazwa tu, na jibu hilo ulipeleke pamoja na picha, maana mwenye msiba hukaa palepale ulipomwambia akae. Ukijua ulimpotosha, rudi wewe mwenyewe, hata kama unachorudi nacho ni kibaya zaidi. Mungu akupe miguu ya kurudi, na akujalie umkute aliyekuwa anakungoja bado yu hai.