Adhana ya Kunong'ona

Shule niliiacha darasa la nne, Tanga, na sijawahi kuililia. Gereji yangu ya kunyoosha bodi za magari, huku kusini, mtaa wa Jeppestown, nimeijenga kwa mikono hii na kwa sauti hii. Nyundo zinagonga, grinda inalia, usipofoka hakuna anayekusikia. Mtu akiniambia nishushe sauti huwa namuuliza, wewe nani?

Nesi yule sikumuuliza.

Binti yangu alijifungua kabla ya miezi kutimia. Presha ilimpanda, wakampasua, akabaki wodi ya juu hajitambui vizuri. Mumewe ni dereva wa lori, alikuwa Zambia. Kwa hiyo chumba cha watoto njiti niliingia mimi. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya sanduku la kioo, mfupi kuliko spana yangu kubwa, vimipira puani. Mtoto wa Kiislamu huadhiniwa sikioni akizaliwa, na huyu alikuwa bado. Ikiwa ataondoka, asiondoke hivyo. Nikakohoa kusafisha koo.

"Mkhulu," nesi akaniita, ndivyo Wazulu wanavyomwita babu. Tulisemezana Kizulu, changu nimekiokota gerejini. "Humu hatupigi kelele. Zinawashtua."

"Adhana si kelele."

"Basi inong'one. Na uvue shati. Mtoto anataka kifua chenye joto, na wewe ndiye uliyepo."

Kwetu kitoto cha namna ile ni kazi ya wanawake, na mzee hakai kifua wazi mbele yao. Nikavua. Akanitazama, akacheka.

"Hau! Msitu wote huo? Mtoto atapotea humo."

"Msitu huu una joto kuliko sanduku lako."

Akamlaza kifuani pangu, sikio la kulia karibu na mdomo wangu. Nikanong'ona. Nilikuwa nimefika pale pa kuita watu kwenye sala, mashine ikaanza kulia. Kifua kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka juu ya changu kikatulia. Midomo ikawa rangi ya majivu.

"Ni sauti yangu?"

"Si wewe. Wadogo hivi husahau kupumua."

Hakupiga yowe. Alimsugua mgongo, akampiga unyayoni kwa kidole. Wapi! Akamchukua, akamlaza chali mezani, akamnyanyua kidevu kidogo tu, kama mtu anayenusa chakula cha jirani. Akamfunika pua na mdomo kwa kibarakoa sawa na kifuniko cha chupa, akabonyeza mfuko wa hewa kwa vidole viwili, taratibu, huku akimsemesha kama anambembeleza. Nimefundisha mafundi wengi kugonga bati bila kulitoboa. Wengi hawajui mpaka leo, wana nguvu tu. Mkono ule ulijua.

Mtoto akakunja uso. Akalia kilio cha kipaka, na wekundu ukaanza kurudi kifuani, ukapanda hadi midomoni.

Nesi akamrudisha kwenye kioo, akanifungulia kidirisha cha pembeni.

"Malizia, mkhulu. Hukumaliza."

Nikainama, nikanong'ona mpaka mwisho. Yeye alisimama na msalaba wake shingoni, kidole chake kikigusa mguu wa mtoto muda wote, tayari. Nilipomaliza akasema, "Amina."

Adhana haina amina. Mimi ninayesahihisha watu mtaa mzima, sikumsahihisha.