Maji ya Kabichi ya Baba

Juzi, pale sokoni Wandegeya, mama anayewauzia wanafunzi kabichi ya chumvi alikuwa akimwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo. Nikamuuliza bei.

"Bei ya uchafu, ssebo?" akacheka. "Lete chupa, chukua bure."

Mimi cha bure hukikagua mara mbili, rafiki yangu. Hadi namaliza kukagua, mtaro ulikuwa umeshakunywa yote. Harufu tu ndiyo iliyonifuata nyumbani.

Ni harufu ya kambi ya polisi nilikokulia, vibanda vya mabati vilivyobanana hivi kwamba ukipiga chafya, wa jirani anakupa pole. Bibi, mama yake baba, alikatakata kabichi na karoti, akazikanda kwa chumvi mpaka zikatoa maji, akazishindilia kwenye chupa kubwa ya kioo ili zipate kuchacha. Mboga tuliila na posho, ugali wetu. Maji hayakumwagwa. Yalilainisha nyama ngumu, yaliua shombo ya mukene, dagaa wa ziwani, na asubuhi baada ya mshahara maafande walikuja na vikombe, wameshika vichwa. Kikombe cha mwisho kilikuwa mbegu ya chupa mpya. "Mboga imekwisha," bibi alikuwa akisema, "maji bado yana kazi."

Kwenye maharage ilikuwa tone tu, tena yakishaiva. Ukitia mapema yanagoma kuiva, hata uunguze gunia zima la makaa.

Jumapili kabla ya kupelekwa kazini mpakani, baba alikata kabichi mwenyewe, vipande vinene vya kulishia ng'ombe. Bibi akamcheka: "Afande, hiyo ni kabichi au umekamata mwizi?" Tulimaliza kuila hajarudi. Bibi akayafunika yale maji, akayaweka juu ya kabati. Mwanawe akirudi wangeanzia hapo.

Alirudi ndani ya sanduku.

Kwetu mfiwa hagusi jiko. Bibi akaketi mkekani, wake wa maafande wakashika sigiri zetu. Jirani mmoja, mwenye moyo mweupe, akaiona ile chupa. Alitaka waombolezaji waonje mkono wa bibi. Akamimina maji yote kwenye sufuria ya maharage ambayo hata hayajachemka.

Mvuke mchachu ulipofika mkekani, bibi aliinua kichwa. Nilikuwa ubavuni mwake. Nilihisi mwili wake ukitaka kusimama. Haukusimama.

Jioni maharage yalikuwa changarawe. Watu walitafuna kwa heshima. Jirani akaja kupiga magoti mbele ya bibi.

"Mama, nisamehe. Sijui yana nini haya, yamenishinda."

Bibi alitafuna, akameza. "Yameiva, binti yangu. Niongeze."

Akaongezwa, akamaliza, akaomba na sahani yangu.

Hatukukaa sana, nyumba ya kambi ni ya afande aliye hai. Vibanda vile vimeshavunjwa, na wale wa kushika vichwa asubuhi wengi wamelala makaburini. Bibi hakutia kabichi chumvi tena mpaka tulipomzika, na chupa yake sijui ilikwenda na nani.

Jirani yule nilimkuta Katwe mwaka jana, mzee sasa, akichagua sigiri.

"Bibi yako!" akaniambia kwa fahari. "Alivyoyapenda maharage yangu!"

Kwa kawaida mimi hubishania kila kitu.

"Aliyapenda sana, mama," nikasema.