Njia Baba Aliyoijua kwa Kuteremka

Baba yangu aliipita njia ya kwao mara moja tu, akiwa na miaka tisa, akishuka na ami yake kutoka milimani mpaka bandari ya Matrah kupanda chombo cha kwenda Unguja. Baada ya hapo aliisimulia kwa miaka karibu sitini. Sisi watoto tulizaliwa Unguja na kulelewa na njia ile. Kila tukimaliza kula alikuwa akiianza: unatoka nyumbani, unapita mkunazi, unateremka kwenye wadi, yaani bonde la mto usio na maji, jiwe lenye tundu unaliweka mkono wa kulia, unafika kwenye mtende wenye vichwa viwili, na hivyo hivyo mpaka unanusa bahari. Niliijua kabla sijajua kusoma. Nikikosea mahali alinirudisha mwanzo, na mimi nilikuwa mtoto wa hasira, nikanuna, nikaanza upya.

Mwaka wa tatu tangu mapinduzi yatutoe Unguja tulikuwa tumepanga vyumba viwili Matrah, na baba hakuwa na kitu kingine cha kujivunia isipokuwa njia ile. Duka lilibaki kule, nyumba ilibaki kule. Hapa watoto wa mtaani walikicheka Kiarabu chake, naye ndiye aliyetuambia maisha yetu yote kwamba yeye ni mtu wa huku. Basi ilipotufikia habari kupitia kwa mchuuzi wa tende kwamba dada yake, aliyemwacha ana miaka minne, yu hai na anaishi katika nyumba ile ile, baba alitangaza kwamba atakwenda, na atakayeongoza njia ni yeye.

Mama alisema amekwishasafiri vya kumtosha, akabaki. Nikaenda mimi, kwa kuwa alitakikana mtu wa kupika, na kwa kuwa sikuwa na mume wa kunizuia.

Siku zile huwezi kujiendea bara hivi hivi. Kulihitajika kibali, na gari, na mtu anayejulikana na makabila ya njiani. Kibali kilichukua miezi. Gari lilikuwa landrova kuukuu iliyo wazi nyuma, na dereva wake Mbulushi wa Matrah, mtu mnene mwenye kucheka peke yake. Kiongozi wa njia alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Sumail, mwembamba, bunduki begani, mpole mno. Baba alimwambia waziwazi kwamba kazi yake itakuwa kutuzungumzisha tu. Yule bwana akaweka mkono kifuani, akasema ni heshima kwake, akapanda nyuma akakaa juu ya madumu ya maji. Baba akakaa mbele. Mimi nikabanwa kati yake na dereva, sufuria miguuni.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, lango la mji lilipofunguliwa. Tukapita Ruwi, tukapita Ghala, tukafika Rusayl, ambako leo mjukuu wangu ana ofisi kiwandani na wakati ule hapakuwa na chochote ila mawe na migunga. Barabara ilikuwa ni alama za magurudumu ya waliotutangulia. Mchanga ukizidi, dereva alishuka akapunguza upepo kwenye magurudumu, na tukikwama sote tulisukuma, na mimi pia, buibui nimelifunga kiunoni. Baba hakusukuma. Alisimama mbele ya gari akionesha mkono, hivi, hivi, ingawa mbele palikuwa peupe na hapana pa kupotelea.

Siku ile ya kwanza alikuwa na raha nisizomwona nazo tangu Unguja. Tulipiga kambi baada ya kupita Fanja. Dereva alifunga turubai kwenye gari na miti miwili, nikapika wali na papa mkavu, kiongozi akachemsha kahawa yake na kutugawia tende. Baba akaisimulia njia yote, kutoka kwao mpaka baharini. Kiongozi alisikiliza kama mtu anayejifunza, na mara mojamoja aliuliza, na jiwe hilo tundu lake limeelekea wapi? Baba akajibu kwa furaha. Mimi nikawaza, huyu bwana anajua kila jiwe hapa, anauliza nini? Nilimpenda papo hapo, ingawa sikumwambia mtu.

Siku ya pili mambo yaliharibika. Tuliiacha njia kubwa tukaingia wadini, magurudumu yakipanda na kushuka juu ya mawe ya mviringo, meno yakigongana vinywani. Baba alikuwa amekwishaigeuza njia kichwani: kilichokuwa kulia sasa kitakuwa kushoto. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila macho hayakukubali. Mtende wenye vichwa viwili hatukuuona. Akasema umekufa. Tukafika mahali wadi inapogawanyika, na hapo ndipo jiwe lenye tundu lilipotakiwa kuwepo. Palikuwa na mawe, makubwa kama nyumba, yote mazima. Baba aliyatazama muda mrefu. Kisha akamwambia dereva ashike wadi ya kushoto.

Tulipanda saa nzima, na nyingine, na nyingine. Tulibadilisha gurudumu lililopasuka. Mwishowe wadi ikatufungia kwa ukuta wa mlima, na chini ya ukuta palikuwa na kidimbwi cha maji safi. Hapakuwa na kijiji, wala mkunazi, wala njia ya kutokea ila kurudi tulikotoka.

Dereva hakucheka. Kiongozi alishuka, akaanza kuokota kuni, akasema ni mahali pazuri pa kulala. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka na mgongo unaniuma, nikasema mbele ya wanaume wale wawili, kwa Kiarabu ili waelewe, "Baba, si useme tu kwamba umesahau, sote tukapumzika?"

Baba alinawa, akasali, akakaa kando. Nilipompelekea chakula alikula tonge mbili akanirudishia sahani, na ahsante alisema. Ile ahsante iliniuma kuliko kama angenipiga. Njia haikuwa na faida kwake kama mali ilivyo na faida. Ilikuwa ndiyo sababu yake ya kuwa hapa, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba hana sababu hiyo.

Asubuhi nilimfuata kiongozi dimbwini nikamuuliza kwa nini alinyamaza huku akijua tunapotea. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Mzee alikuwa anaongoza," akasema. Kisha akaongeza kwamba hapa pana maji, na usiku ule tulihitaji maji, basi tumekosa nini?

Ulipofika wakati wa kuondoka, baba alimwambia kiongozi akae mbele. Yeye akapanda nyuma kwenye mizigo, akakaa juu ya gunia la mchele, akaegemeza mgongo kwenye chumba cha dereva, uso umeelekea nyuma, kilemba amejifunga mpaka puani kwa vumbi. Nikapanda nikakaa naye. Sikujua namna ya kuomba radhi, nikawa namshika mkono kila gari likiruka, na yeye akauacha ushikwe.

Tulirudi mpaka pale wadi inapogawanyika, kiongozi akamwelekeza dereva wadi ya kulia, tukaanza kupanda. Baba alikuwa akitazama tulikotoka, bila hamu. Mara nikausikia mkono wake umekaza wangu. Akaanza kugonga bati la gari kwa kiganja, akagonga, akagonga, mpaka dereva akasimama.

Lile jiwe kubwa kabisa, tulilokwishalipita mara mbili, lilikuwa sasa nyuma yetu. Na kwa upande huu lilikuwa na tundu, kubwa la kuingia mbuzi, na mwanga wa asubuhi umejaa ndani yake.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lenyewe, mwanangu. Mimi nnaijua kwa kuteremka."

Alikuwa ameipita akishuka, macho yameelekea baharini. Kila kitu alichokibeba kichwani miaka yote ile alikiona kwa upande wa juu, na kwa upande wa chini hakuwahi kukiona hata siku moja. Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akacheka pia, na dereva akatoka kuuliza kuna nini. Kiongozi yeye alilitazama lile jiwe, akatikisa kichwa taratibu, akasema kweli mzee hajasahau.

Kuanzia hapo baba aliongoza akiwa ameupa mlima mgongo. Alitangaza mambo tulipokwisha kuyapita, na hakukosea hata moja. Huu mwamba mwekundu, alisema, hapa punda wetu alianguka. Hii mifereji miwili ya falaji, ya kumwagilia mitende, hapa ami alinipa tende na chumvi. Kisha akasema kitakachofuata, sote tukasubiri, na kikija gari linakipita, naye anakithibitisha kwa nyuma. Mbele, kiongozi alikuwa akitoa kichwa dirishani na kumuuliza tushike upande gani, kwa adabu ile ile, na mimi nilimwona kupitia kioo cha nyuma akimgusa dereva goti kabla jibu halijaja.

Alasiri hivi tulikuwa tumeupita mkunazi. Ulikuwa mkubwa, kivuli chake kimefika katikati ya njia, na sasa ulikuwa nyuma yetu naye akiutazama. Dereva alisimamisha gari. Mbele yetu kulikuwa na matuta ya mitende na nyumba za udongo zimepanda mlimani. Watu walikuwa wanatoka kwa sababu ya mlio wa injini. Niliviona vyote hivi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimegeuka. Baba hakugeuka.

Nikamwambia, baba, tumefika. Akasema anajua.

"Geuka basi."

"Siku ile sikugeuka," akasema. Alikuwa akiukodolea macho mkunazi. "Ami aliniambia nigeuke nimpungie mama. Sikugeuka. Nilikuwa na haraka."

Katika njia yote aliyotusimulia, kipande hicho hakuwahi kukitia. Nilimshika mabega, kama yeye alivyokuwa akinishika mimi nikiogopa kuchomwa sindano, nikamgeuza taratibu juu ya gunia lile la mchele. Kwenye tuta la juu kabisa, mbali na watu wengine, alisimama mwanamke mzee amevaa shela ya rangi ya machungwa. Baba akainua mkono. Yule mwanamke akainua wake.

Ndiye shangazi yangu. Walipoonana hawakukumbatiana, si kawaida yao, walishikana mikono wakaulizana habari kwa utaratibu mrefu wa watu wa milimani, habari njema, alhamdulillahi, habari njema, huku machozi yakiwatoka wote wawili. Baada ya kahawa baba alimuuliza kwa nini alisimama pale peke yake. Shangazi akasema pale ndipo mama yao aliposimama siku ile, mpaka mtoto akaupita mkunazi, na alipokuwa hai kila msafara ukisikika alikwenda kusimama hapo hapo.

"Alikuwa akisema, hakugeuka," shangazi akasema.

Baba akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anataka kuiona bahari.

"Alijua," akasema shangazi. "Akisema hivyo akicheka. Hakugeuka, mwanangu, anataka kuiona bahari."

Tulikaa siku sita. Nilipika wali wa tui kwa nazi niliyoibeba kutoka Matrah, wakala kwa heshima, hawakuomba tena. Siku ya kuondoka kiongozi alimfungulia baba mlango wa mbele, kwa kuwa sasa tunateremka, na njia ya kuteremka ni yake. Baba akamshukuru, akasema bado. Akapanda nyuma, akakaa juu ya lile gunia lililopungua, uso kijijini. Gari likaondoka. Shangazi alikuwa juu ya tuta, na baba alimpungia mkono, akampungia, bila kuushusha, mpaka majani ya mkunazi yakatufunika.

Hapo akagonga bati. Dereva akasimama, baba akashuka, akajipangusa vumbi, akapangusa uso, akaenda kukaa mbele. Alituongoza mpaka Matrah, na hatukupotea mahali popote.