Vijiti vya Mihogo Nilivyopeleka Midia

Kila Jumapili mchana, nikishatoka kanisani na kula peke yangu, hukaa barazani kwangu Manibe, nje ya mji wa Arua, na kuwapigia simu watu niliosoma nao shule ya kilimo. Hakuna aliyenichagua kwa kazi hiyo. Nilijichagua mwenyewe mwaka aliofariki mume wangu, watoto wakiwa wameshahamia Kampala na nyumba imebaki na vyumba visivyo na wa kulala. Nawauliza habari zao, kisha naziandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp ili wote wasome. Wengi wananiita Katibu. Wachache wananiita Redio, na hao nawajua mmoja mmoja.

Kwa hiyo najua mengi. Mwenzetu aliyekuwa hodari wa kuhasi mafahali sasa anauza vitambaa vya harusi Arua mjini, na wateja wanasema mkono wake kwenye mkasi hautetemeki. Yule aliyeruka ua wa shule siku ya somo la nyuki sasa anafuga nyuki, na anatutumia picha za mizinga kama watu wengine wanavyotuma picha za wajukuu. Mmoja yuko Juba, hujibu anapojisikia. Mmoja tulimzika mwaka jana, na habari yake niliiandika na kuifuta, nikaiandika tena. Wanaoshika jembe bado tumebaki wachache. Nikiwauliza wale wa mjini kama mvua imenyesha, wanakwenda kwanza kuchungulia dirishani.

Nawatania, lakini nawahitaji kuliko wanavyonihitaji. Siku zisizo na simu hizo zinaweza kwisha sijasema na mtu, ila na kuku, na kuku nawagombeza tu.

Simu ya mwisho kila Jumapili niliiweka ya rafiki yangu wa Midia, ili tuongee bila kukimbizana. Alikuwa binti wa askari, amekulia kambini, Mwislamu, na kitanda chake bwenini kilikuwa chini ya changu. Kiswahili nilichokwenda nacho shuleni kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Yeye ndiye aliyenifundisha cha kambi, akinicheka; hiki cha vitabu nilikipata baadaye. Mimi nami nilimcheka shambani, maana alikuwa hajawahi kulima na jembe alilibeba begani kama bunduki ya baba yake. Baada ya shule aliolewa kwao Koboko, akapewa shamba Midia, na leo analima kuliko mimi.

Shuleni tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mwalimu wa mazao alitaka kila anayempa mwenzake mbegu au vijiti vya kupanda aende siku ya mavuno, na yeye ndiye ang'oe shina la kwanza mbele ya watu. Alisema mtu lazima aone kazi ya mkono wake. Sisi tulipenda kwa sababu nyingine: aliyetoa mbegu alipikiwa kuku. Tulipotoka shule tuliendelea nayo, na imenifikisha katika mashamba mengi, na kwenye kuku wengi.

Mwaka juzi, mvua za kwanza zilipokaribia, rafiki yangu aliniambia mihogo yake imezeeka na haizai tena. Nikamwambia ya kwangu inasimama vizuri. Nilikata vijiti mafungu mawili, nikachagua mashina manene yenye macho ya karibu karibu na majani safi, kama tulivyofundishwa. Katika somo hilo nilikuwa wa kwanza darasani, na kwa umri wangu huu bado nalitaja jambo hilo, hata kwa watu wasioniuliza.

Sasa niseme lile ambalo sikuwaandikia kwenye kikundi. Mwezi huo huo, nikimenya mihogo ya unga, nilikuta baadhi ya mizizi ina mabaka ya kahawia ndani, makavu, kama kizibo. Nilikata yale mabaka nikatupa, nikapika iliyobaki. Upo ugonjwa wa michirizi ya kahawia, nimewahi kuufundisha wengine. Majani yanaweza kukudanganya kabisa huku mizizi inaoza chini, na ukikata kijiti humo umeupeleka ugonjwa kwa mwenzako. Nilijua. Nikajiambia nimechelewa kuvuna tu. Vijiti nikavifunga kwa kamba, nikavipeleka Midia mwenyewe, nikapokelewa kama mgeni wa maana.

Januari iliyopita akaniita kung'oa. Wifi yake alikuwepo, na majirani, na kuku alikuwa jikoni. Nilishika shina la kwanza nikalitikisa, likatoka na mizizi minene mitano. Watu walifurahi. Rafiki yangu akanipa kisu, nikaukata mmoja katikati, na ndani ulikuwa wa kahawia mpaka karibu na ganda. Nikakata wa pili. Ulikuwa vile vile.

"Hii nini?" akauliza. "Mbona iko namna hii ndani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Wote walikuwa wananitazama mimi, siyo muhogo.

"Ni maji," nikasema. "Mvua ilizidi, na imekaa chini muda mrefu."

Akawageukia majirani. "Mumesikia? Iko maji tu. Huyu najua, yeye ilikuwa ya kwanza darasani."

Tulikula. Sikumbuki ladha ya yule kuku. Nilirudi Manibe, na kesho yake nilianza kung'oa mihogo yangu yote na kuichoma, nikiwaambia majirani zangu kwamba nataka kupanda mahindi. Yeye sikumwambia. Niliogopa. Sikuogopa hasira yake, maana hasira yake naijua, hupanda na kushuka. Niliogopa Jumapili isiyo na simu ile ya mwisho. Nikimkosa yeye, nani tena anaijua sauti yangu ya nilipokuwa na miaka kumi na sita? Basi nikawa nampigia kama kawaida. Namuuliza mgongo wake, namuuliza watoto, namuuliza habari ya Midia. Nikikata simu najichukia mpaka usingizi unakataa.

Ikaja Jumapili moja mwezi wa tatu, akaniambia ametengeneza vijiti vya kupanda, amevikata kutoka shamba lile lile, viko kivulini vinangoja mvua. Alisema kwa furaha. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kongo. Mvua ikinyesha mara moja tu, vijiti vile vingeingia ardhini, na mwaka mwingine wa kazi yake ungeoza. Siku ya Jumatano nilipanda gari mpaka Koboko mjini, nikachukua bodaboda hadi kwake.

Alidhani nimekuja kumsalimu. Nilimwomba tukae nje. Vijiti vilikuwa pale pale chini ya ukuta wa jiko, vimefungwa vizuri, kamba mbili kila fungu, kama tulivyofundishwa.

"Vile vijiti usipande," nikasema. "Vina ugonjwa. Nilikuletea mimi. Siyo maji."

Alivitazama vijiti, kisha akanitazama. "Wewe ilijua lini?"

"Siku ya kung'oa nilijua hakika. Na kabla ya hapo, siku ninakata vijiti, nilikuwa nimeona dalili."

Mimi nikaanza kueleza, nikataja mabaka, nikataja majani yanavyodanganya, maneno mengi ya darasani. Akainua mkono nikaacha.

"Jumapili yote hii wewe nanipigia simu," akasema taratibu. "Wewe nauliza, habari yako dada? Habari ya Midia?"

"Ndiyo."

"Sasa habari yangu ilikuwa hii. Wewe ilikuwa nayo, mimi hapana."

Afadhali angenitukana. Aliinuka akaleta majembe mawili, akanipa moja. Tulikwenda shambani tukang'oa masalia yote, tukakusanya na yale mafungu, tukawasha moto. Tulifanya kazi kama tulivyofanya zamani, yeye mstari huu na mimi ule, ila zamani hatukuweza kufika mwisho wa mstari bila kucheka. Nilimwambia anisamehe. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kulima.

Moto ulipokaribia kwisha alisimama kuhesabu mafungu kwa kidole, ingawa yalikuwa majivu.

"Iko moja ingine," akasema. "Nilimupa wifi yangu. Yeye naishi kule karibu na mpaka, bonde yake iko na maji, hapana ngoja mvua. Ameshapanda."

"Lini?"

"Wiki mbili."

Wiki mbili. Jumapili mbili nzima nilikuwa nimekaa barazani na simu sikioni, nikimuuliza mgongo wake unaendeleaje.

"Twende wote," nikasema. "Nitamwambia mimi. Kosa ni langu."

"Hapana. Mimi nilimupa na mukono yangu. Nilimuambia hii iko nzuri, mutu ya shule ndiyo ilileta." Alinawa mikono kwenye beseni, akajifunga kitambaa chake upya kichwani. "Wewe rudi Arua mapema."

Nilitembea naye hadi barabarani. Nilitaka anitukane, au anishike mkono, mojawapo. Aliniambia niwasalimie watoto nikiongea nao, kwa adabu, kama unavyomwambia mtu mliyekutana naye msibani. Kisha akashika njia ya mpakani, jembe begani, na akaenda mpaka njia ilipoingia kwenye mtama wa watu.

Mwenye bodaboda niliyemwita kwa simu alikuwa amezima pikipiki kunisubiri. Akaniuliza kama kuna mtu tunayemngoja. Nikamwambia hapana, hakuna mtu, twende.