Ndoo Moja, Ngazi Sitini na Tatu

Nianze na la kwangu, nisije nikasemewa na wengine: ndoo niliiondoa mimi. Niliitoa kwenye buti la gari asubuhi na mapema, kabla sijampitia dada kwake, nikaiacha uani. Mke wangu, ambaye hawezi kuona ndoo tupu akaipita, akaloweka nguo humo humo.

Mimi ni dereva. Dada huyu ninayemsema hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye ni mwongoza wageni, mimi ni mshika usukani, na tumekuwa kwenye gari moja kwa miaka kumi na moja. Ukikaa na mtu muda wote huo, ukajua anapenda dirisha lifunguliwe kiasi gani, undugu unakuja wenyewe.

Madereva wenzangu wanamwita Mama Ndoo. Anajua, na hajali hata kidogo.

Kazi yetu ni safari ya siku moja ya watu binafsi: gari moja, mgeni mmoja au familia moja, makasri mawili na miji miwili ya pwani. Tunaanza na kasri la mlimani, lenye vioo na bustani. Kisha tunateremka mji wa kwanza kula, tunakwenda kasri kubwa, na tunamalizia mji wa pili penye mnara wa taa, wageni wapige picha zao turudi. Kampuni zote zinafanya hivyo hivyo. Tofauti ya dada ni kwamba kwenye kasri kubwa haingii kwa mlango mkubwa. Anamzungusha mgeni nyuma, kwenye ua wa watumishi, penye bomba. Anajaza ndoo lita kumi, anasema: "Ukipenda, ibebe mpaka bafuni kwa malkia. Ukichoka nipe mimi."

Kutoka bombani mpaka bafuni ni ngazi sitini na tatu. Ni nyembamba, zina kiza, na zimelika upande mmoja tu, wa kushoto, kwa kuwa mtu aliyebeba maji kwa mkono wa kulia huegemea ukuta wa kushoto. Bibi yake dada alizipanda miaka kumi na minne, akimpelekea malkia maji. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko lenzake, na dada anasema alipokuwa mdogo alidhani bibi wote duniani wameumbwa hivyo.

Wageni wengi wakifika juu huitazama mikono yao. Wapo waliolia, tena watu wazima na ndevu zao. Na yupo mmoja aliyelalamika. Aliandika barua ndefu kwamba amelipia mapumziko, akabebeshwa maji.

Basi meneja mpya akatuita ofisini wote wawili. Ni mtu wa suti inayombana kwapani, kila akinyoosha mkono unaogopa kitu kitapasuka. Akamsogezea dada kurasa tano zilizobanwa pini.

"Mama, haya ndiyo maelezo kuanzia sasa. Ukurasa wa tatu ni kasri kubwa. Mlango mkubwa, ukumbi, chumba cha enzi, bafu, basi. Nje ya hapo hapana."

Dada akausoma ukurasa wa tatu amesimama. "Hapa pameandikwa malkia alipenda kuoga maji ya moto kila alfajiri."

"Ndiyo."

"Yalifikaje?"

"Yalifikaje nini?"

"Maji, mwanangu. Yalikuwa na miguu?"

Nikauma ulimi nisicheke. Meneja hakucheka. Alisema likija lalamiko jingine, au akipata habari kwamba maelezo hayafuatwi, dada atavua beji. Na bila beji huruhusiwi kumwongoza mtu kwenye kasri lolote. Dada ana miaka hamsini na miwili, hana kazi nyingine aliyowahi kuifanya, na hakuna kampuni itakayomchukua mwongozaji aliyevuliwa beji na wenzao. Kisha meneja akanigeukia mimi. "Na wewe dereva, ndoo hiyo nisiione tena kwenye gari la kampuni."

Nikaitikia. Ndivyo nilivyo, naitikia haraka.

Mgeni wa siku ile niliyoitoa ndoo alikuwa mwanamke wa makamo, peke yake, viatu vya kamba, daftari dogo mkononi. Alipoingia garini, swali lake la kwanza lilikuwa kama kizimamoto changu kimepita muda. Nimebeba wageni miaka kumi na moja. Wananiuliza choo kiko wapi, wananiuliza simu itachajiwa wapi. Hakuna aliyewahi kuniulizia kizimamoto. Nikajua huyu katumwa.

Kule mlimani, alipokwenda msalani, nikamsogelea dada. "Dada, huyu ni wa ofisi."

"Nimemwona."

"Basi leo shika karatasi. Leo tu. Nakuomba."

Aliishika. Akasema vioo ni mia mbili na arobaini. Akasema bustani ina aina tisa za waridi. Akasema mfalme alipenda sana muziki. Alikuwa anazungumza kama mtu anayesoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa, na mgeni anaandika, na mimi nyuma yao najipongeza. Lakini nilipomtazama dada usoni nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikukipenda.

Mji wa kwanza tulikula mezani pembeni ya barabara. Mgeni alikula vizuri. Dada alikizungusha chakula sahani nzima, akakiacha palepale. Nikamwambia limebaki kasri kubwa tu, ajikaze, halafu kesho mambo yatakuwa yamepoa. Akanitazama kwa jicho la pembe, akaomba maji ya kunywa.

Kasri kubwa lina ubao getini wa vitu vilivyokatazwa: chakula, mbwa, miavuli, mipira. Nikaegesha kivulini. Mgeni alikuwa ameshatangulia kuelekea mlango mkubwa, daftari wazi. Dada alisimama karibu na gari, akazikunja kurasa zake tano mara nne, akanipa mimi kama mtu anayempa mwenzake takataka ashike.

"Fungua buti," akasema.

Nikafungua, maana ningefanya nini? Mlikuwa na tairi la akiba na kitambaa.

"Iko wapi?"

"Iko nyumbani kwangu."

"Nani kasema iwe kwako?"

"Meneja. Na mimi. Nilitaka ubaki na beji yako, dada."

Nimetukanwa na askari wa barabarani, nimetukanwa na wageni kwa lugha nisizozijua. Hakuna lililoniingia kama macho yale. "Kwa hiyo na wewe umeona ni afadhali bibi yangu asiwepo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akaenda kwa mama mfagiaji wa ua, wanafahamiana, akamwazima ndoo yake ya bluu. Ilikuwa bado inanuka sabuni. Kisha akamwita mgeni.

"Ndugu yangu, kule mbele ni njia ya karatasi. Huku nyuma ni njia ya maji. Na najua umetumwa na nani, kwa hiyo chagua huku ukijua kwamba najua."

Mwanamke yule alirudi mpaka tulipo. Alitazama mlango mkubwa, akatazama ndoo, akafunga daftari na kulitia mfukoni. "Ya maji," akasema.

Dereva hukaa na gari. Ndiyo sheria, na mimi ni mtu wa kuitikia kama nilivyowaambia. Siku ile nililifunga gari nikawafuata, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka kumi na moja nimeibeba ndoo ile kwenye buti na sijawahi kuipandisha hata ngazi moja.

Dada hasemi neno njiani. Anahesabu tu. Kumi na tano, kumi na sita. Mgeni alianza kwa mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Ngazi ya ishirini na saba alisimama, akabadilisha mkono, akaona kwamba mkono wa kushoto unagonga ukuta, akarudisha wa kulia. Ya arobaini maji yalimwagikia viatu vyake. Dada akanyoosha mkono kupokea. Mgeni akakataa kwa kichwa, hana pumzi ya kusema. Arobaini na moja. Alipofika juu vidole vyake vilikuwa na mstari mwekundu wa mpini, na ndoo ilipogusa sakafu nililisikia goti lake likilia.

Bafu lenyewe ni la jiwe jeupe, kubwa, ungeweza kumlaza ng'ombe humo. Ukitazama ndoo iliyo pembeni yake unaona aibu.

"Hiyo ni moja," dada akasema. "Malkia alioga kwa kumi na nane. Kila alfajiri. Na bafu halina tundu la kutolea maji, angalia mwenyewe. Akimaliza, yale machafu yalishuka kwa ngazi zile zile, kwa mikono ile ile."

Mgeni akainama akalitafuta tundu kwa vidole, kona zote nne. Halikuwepo. Akakaa chini sakafuni na viatu vyake vilivyolowa.

"Unajua nitaandika," akasema.

"Andika."

"Nikiandika nilichokiona, watakuvua beji."

"Na ukiandika usichokiona nitakudharau mpaka naingia kaburini. Andika yote. Na hesabu uiweke sawa, ni sitini na tatu. Ukikosea hesabu, nitakulalamikia mimi."

Mwanamke yule akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatoa daftari, akaandika, akamwonyesha dada ukurasa. Dada akasoma, akarekebisha tarakimu moja.

Kwenye mji wa pili hakuna aliyepiga picha ya mnara. Walikaa ukutani mwa bahari wote wawili, mgeni anajikanda kiganja, dada anamsimulia habari za bibi yake, jinsi alivyokuwa anaimba vibaya na hakubali kuambiwa. Mimi nilibaki garini. Sikualikwa, na nilikuwa nastahili.

Siku tatu baadaye tukaitwa. Ripoti ilikuwa mezani, kurasa saba. Mwanamke yule alikuwa ameandika kila kitu, ngazi sitini na tatu, ndoo kumi na nane, bafu lisilo na tundu. Alikuwa ameandika kwamba amekagua safari nyingi na hii ndiyo ya kwanza aliyorudi nayo nyumbani. Lakini alikuwa ameandika pia kwamba maelezo ya ofisi hayakufuatwa, kwa kuwa ndiyo kweli na dada mwenyewe aliidai. Meneja alisoma sentensi hiyo moja kwa sauti. Zile nyingine alizifunika kwa mkono.

"Una la kusema, mama?"

Dada akaifungua pini ya beji taratibu asichane blauzi, akaiweka juu ya ripoti. "Chukua. Bibi yangu alipanda bila hii."

Akatoka. Nilitaka kusema kitu kwa meneja, kitu kikubwa, lakini nilichosema ni kwamba Jumamosi naomba siku yangu ya mapumziko. Akanipa.

Jumamosi nilizitoa nguo za mke wangu kwenye ndoo, naye akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nikaisugua, nikaisuuza mara tatu, nikaazima gari la shemeji, nikaenda kwa dada. Alifungua mlango, akaniona mimi na ndoo. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, nikayaacha hapo mlangoni.

"Leo naibeba mimi," nikasema.

Akashika kitasa, nikadhani atanifungia mlango. "Umeiosha?"

"Mara tatu."

"Ngoja nivae viatu."

Getini tulikata tiketi mbili za watu wa kawaida. Mlinzi anamjua dada, na habari za beji zilikuwa zimeshamfika. Akaitazama ndoo, akajikuna shingo.

"Mama, hiyo tena?"

"Soma ubao."

Akausoma kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Chakula, mbwa, miavuli, mipira. "Ndoo haimo," akasema, na kama sikosei alifurahi.

"Basi tupishe."

Uani nilifungua bomba, nikajaza mpaka juu. Wakati huo familia moja ilikuwa inapita kuelekea mlango mkubwa, watu sita na mwongozaji wao mwenye karatasi zile zile tano. Mama mmoja kati yao akasimama, akanishangaa.

"Samahani, kaka, maji hayo mnayapeleka wapi?"

Nikamtazama dada. Hana ruhusa ya kumwongoza mtu. Lakini mgeni mwenye tiketi akiulizwa swali na mgeni mwenzake, hakuna kampuni iliyoandika asijibu.

"Kwa malkia," dada akasema. "Kama unataka kujua yalifikaje, njia ni hii."

Nikaanza kupanda. Moja, mbili, tatu, dada anahesabu nyuma yangu. Ngazi ya kumi na tisa nikasikia viatu vingine, vingi, na sauti ya mwongozaji kutoka uani: "Jamani, huko hakumo kwenye ratiba! Jamani!" Hakuna aliyerudi. Kufika thelathini bega langu la kulia lilikuwa linavutwa chini, nikaegemea kushoto bila kuambiwa na mtu, na mguu wangu ukaingia wenyewe kwenye shimo la jiwe, mahali pale pale ulipokuwa unaingia wa bibi.

"Usisimame," dada akasema. "Thelathini na moja."

Sikusimama.