Neno la Kenga Latangulia Sururu

Asubuhi hii, uani kwa Bi. Mwanatabu huko Jomvu Kuu, Kenga Kalama amelala kifudifudi, kichwa chake kikining'inia ndani ya shimo. Anautazama ukuta wa mchanga, pale ambapo tangu jana pamegeuka rangi na kuwa peusi kwa unyevu. Vibarua wake wawili wamesimama nyuma, sururu begani, wakimngoja.

Anainuka na kujipangusa kifua. "Leo hakuna kushuka," anasema. "Leo ni siku ya mawe."

Bi. Mwanatabu, mjane mwenye shamba hili la minazi, anatoka barazani huku akijitanda leso. Harusi ya binti yake imekaribia na wageni watataka maji.

"Shikamoo, bibi," anawahi Kenga.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmesimama? Si mmesema wenyewe mchanga umeanza kutoa jasho? Maji si hayo hapo chini?"

"Maji yapo, bibi, wala hayakimbii. Utakaokimbia ni ukuta huu, nao utatukimbilia sisi."

"Na nikimwita mwengine?"

"Mwite, bibi. Utakayemwita atakwambia maneno haya haya."

Bi. Mwanatabu anacheka, kwa sababu ameshajaribu. Wiki iliyopita alimwita mchimbaji wa Junda, akamwita na mwingine wa Changamwe. Wote wawili walimjibu kwamba kwenye mchanga hakuna anayepita kina cha kiuno kabla ukuta haujajengewa mawe. "Wallahi, kama waliokula yamini," anasema, na kuingia ndani kuwaagizia vibarua uji.

Kenga ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa upande wa Rabai, na sasa anakaa Chaani na mkewe Nyamvula na watoto wanne. Hana ofisi wala cheo, na vibarua wake ni hao wawili tu. Lakini kutoka Changamwe hadi Kisauni, wachimba visima wakibishana juu ya shimo, swali linaloulizwa kwanza ni moja: Kenga amesemaje?

Haikuwa hivyo siku zote. Kuna miaka ambayo wachimbaji hao hao walimcheka mbele ya wateja.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, naye akaifanya kama alivyoikuta. Mtu huchimba hadi afike maji, na mawe hupangwa mwishoni, ikiwa mwenye kisima ana subira. Mwaka 1943, mwaka wa njaa, wakati vita vimejaza watu Mombasa na kila mtaa unalilia maji, Kenga alikuwa akichimba Kisauni pamoja na rafiki yake Kahindi. Siku hiyo zamu ya kushuka ilikuwa ya Kahindi. Mchanga ulimwangukia kabla ya adhuhuri. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

"Tulichimba kama tulivyozoea sote," Kenga anasimulia, akikokota jiwe kwa mikono miwili. "Hakuna aliyefanya la ajabu. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Ilikuwa kazi ya kawaida, siku ya kawaida, na mtu kafa."

Baada ya maziko alijiwekea sharti. Ukuta ungejengewa mawe kadiri shimo linavyoshuka. Asingeingia kisima chochote, kipya au cha zamani, kabla taa ya chemni haijatangulia hadi chini na kurudi ikiwaka, dalili kwamba hewa ya huko inavutika. Wazee wengi walisema wanaofia visimani huchukuliwa na jini. Kenga hakubishana nao.

"Kama jini yupo au hayupo, mimi sijui," anasema. "Ninachojua ni kwamba pale taa inapozimika, na mtu atazimika."

Wateja walimhama. Kisima chake kilichukua muda mara mbili, na gharama ikapanda. Mwaka uliofuata alipata visima viwili tu. Nyamvula alibeba ungo wa mihogo ya kuchemsha, akauza kwenye milango ya viwanda kule Changamwe, na hiyo ndiyo iliyowalisha.

"Nilimwambia, Baba Dorcas, chimba kama wenzako, watoto wale," Nyamvula anakumbuka. "Akanijibu, 'Nikichimba kama wenzangu watakula, mpaka ile siku moja.' Nilikuwa na hasira, lakini niliubeba ungo wangu."

Mtu mwingine angeishika njia yake kimya kimya na kungoja wateja warudi. Kenga aliona hilo halitoshi. "Nikijengea ukuta mimi peke yangu, mimi ni mchimbaji ghali tu," anasema. "Tukijengea sote, basi hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mwenye kisima hana pa kukimbilia."

Akaanza kutembelea mashimo ya watu. Alikwenda Junda, alikwenda Jomvu, akawakuta wenzake kazini na kuwaambia anachokijua. Wengine walimpa maji ya kunywa na kumwonyesha njia ya kurudi kwake. Akatangaza kwamba kila Jumapili baada ya ibada, atakuwa nyuma ya kanisa la Chaani, na mchimbaji yeyote aje wazungumze.

Jumapili ya kwanza alikuja mtu mmoja. Alikuwa Musyoka, Mkamba mwenye kifua kipana aliyewahi kufanya kazi ya reli kabla ya kugeukia visima.

"Nilikwenda kumwona mwanamume anayeogopa shimo," Musyoka anasema leo bila kuficha. "Nilimpa jina, Kenga wa Juu. Jina likaenea."

Kenga alizungumza na mtu huyo mmoja kama anayezungumza na umati. Alichimba shimo dogo mchangani, akalimwagia maji ukingoni, akamwonyesha linavyobomoka. Akachimba la pili, akalizungushia mawe, akalimwagia maji vilevile, nalo likasimama. Musyoka alitazama mpaka mwisho, akacheka, akaenda zake. Jumapili zilizofuata walikuja watatu, wakaja wawili, kisha hakuja mtu. Kenga aliendelea kwenda nyuma ya kanisa na kukaa.

Mvua za masika za mwaka 1945 zilipokwisha, Musyoka na mdogo wake Kioko walipata kazi ya kusafisha kisima cha zamani papo hapo Chaani. Kilikuwa kimefunikwa kwa mbao miaka mingi. Musyoka aliteremka bila kujifunga kamba. Kioko alimsikia akikohoa, akasikia kishindo, kisha kimya.

Kelele zilimkuta Kenga shambani kwake, akipanda muhogo. Alifika mbio na taa na kamba. Kioko alikuwa ameshatia mguu mmoja kisimani. Kenga alimkamata kiunoni na kumbwaga chini.

"Niache! Ndugu yangu anakufa!"

"Ukishuka sasa nitatoa maiti mbili. Nishikie kamba hii."

Watu walikuwa wamejaa. "Anangoja nini huyu?" mmoja alipiga kelele. Mwingine akajibu, "Si ndiye yule Kenga wa Juu!"

Kenga hakugeuka. Aliwasha taa na kuiteremsha polepole. Mwali ulinywea, ukawa kama punje, ukafa kabla ya kufika chini. Hapo hata waliokuwa wakimtukana waliona kwa macho yao.

Aliagiza matawi ya mkorosho yenye majani mengi, akayafunga kwenye kamba, akaanza kuyashusha na kuyapandisha kisimani kwa nguvu, kama mtu anayetwanga, ili kuikoroga hewa mbaya iliyolala chini. Wanawake walileta ndoo wakamimina maji pembeni mwa ukuta. Taa ikashuka tena, ikafa tena. Kioko alikuwa akilia na kutwanga pamoja naye. Taa ikashuka mara nyingine. Safari hii mwali ulinywea, ukayumba, lakini haukuzimika.

Kenga akajifunga kamba kiunoni na kuwapa wanaume ncha yake. "Nikivuta, nitoeni," akawaambia. "Nisipovuta, nitoeni vilevile, msichelewe."

Alimkuta Musyoka ameegemea ukuta, matope yamefika kifuani. Alimfunga kwapani, wakavutwa mmoja baada ya mwingine. Musyoka alilazwa chini, akatapika, na pumzi zikarudi.

"Nilipofumbua macho nilimwona yeye," Musyoka anasema. "Nilitaka kusema asante. Badala yake nikajikuta nauliza, 'Kenga, Jumapili ni saa ngapi?' Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia."

Jumapili iliyofuata, nyuma ya kanisa hapakuwa na nafasi. Musyoka alikuwa amepita kwa wachimbaji wote anaowajua, akiwaeleza alivyofika mahali ambapo taa haiwaki. Waislamu wa Jomvu Kuu walikuja, Wakristo wa Rabai walikuja, na Wakamba wa Changamwe pia.

Hawakukubaliana upesi. Wengine waliogopa kwamba wakipandisha gharama, kazi itachukuliwa na mgeni wa kesho. Mabishano yaliendelea kwa wiki nyingi, mpaka Kenga alipotoa shauri ambalo leo ndilo linalomfanya asikilizwe: mchimbaji mmoja akikataa kisima kwa hatari yake, mwingine asikipokee.

Shauri hilo lilijaribiwa mwaka uliofuata. Tajiri mmoja wa Changamwe alitaka kisima bila ukuta. Kenga alikataa. Tajiri akamwita Musyoka, akamwita wa Junda, akamwita wa Jomvu. Mwishowe alirudi kwa Kenga mwenyewe, akamuuliza mawe yanapatikana wapi.

"Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, sasa tumeanza kazi," Kenga anasema.

Nyamvula ameacha kubeba ungo. Tangu makubaliano yale, hajasikia mchimbaji wa upande wao aliyezikwa na mchanga. Mumewe hapendi alitaje jambo hilo kwa sauti. Anasema kuna visima vingi ambavyo hawajavifikia.

Mwezi uliopita Kenga alivuka kwa feri kwenda Likoni kumtazama shangazi yake, Kafedha, aliyekuwa mgonjwa. Njiani aliwaona watu wakichimba, miguu ikakatiza yenyewe. Walikuwa vijana asiowajua, nao hawakumjua. Aliposogea achungulie, mmoja alimzuia kwa mkono.

"Samahani, mzee wangu, rudi nyuma. Ukingoni hapa hasimami mtu ambaye hajafungwa kamba."

Kenga alitazama vizuri. Aliyekuwa chini amefungwa, kama inavyopasa. Lakini hata yule wa juu, anayepokea ndoo, alikuwa na kamba kiunoni iliyofungwa kwenye mnazi.

"Nani amewafundisha?" aliuliza.

"Ndiyo desturi ya visima, mzee," kijana alijibu, na kuendelea na kazi.

Kenga alikaa chini mchangani mpaka jua la utosi, akiwauliza hili na lile. Hakuwatajia jina lake.

"La kumfunga aliye juu sikulifundisha mimi," anasema sasa, akilipachika jiwe la kwanza ukutani na kulijaribu kwa kiganja. "Halikunijia kabisa. Miaka yote hii nasimama ukingoni bila kamba, na najiona mjuzi."

Kaskazi ikiingia, anataka wajenge nyuma ya kanisa kisima cha mazoezi, kisichokuwa cha kunywewa maji, ambamo anayeianza kazi atafanya makosa yake huku wenzake wanamtazama. Mawe ya kuanzia yameshakusanywa. Walimu anawataka watoke kila upande.

"Jumapili hii nitawaambia watu wa Chaani kwamba aliye juu naye afungwe," anasema. "Na nitawaambia nimejifunza Likoni, kwa vijana ambao hata majina sikuwauliza. Nitarudi niwaulize majina, na niwaombe waje watufundishe."